Nikae au Nirudi

Nilifika Kabambare siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, nikiwa na vumbi hadi kwenye meno na moyoni hamna kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu wasomaji wa mapenzi hungoja moyo udunde. Wangu haukudunda. Pikipiki iliyonitoa Kasongo ilituangusha mara mbili njiani, na mara zote mbili dereva aliniomba radhi huku akitetemeka. Nilimwambia hakuna shida, nikapangusa kitenge, nikapanda tena. Hata angenitumbukiza mtoni, nadhani ningemwambia vilevile.

Mambo mawili yalinipeleka huko. La kwanza lilikuwa posa. Kwetu, katika nyumba za Waislamu wa mjini Kasongo, posa ikishapokewa na wazee, msichana haulizwi na baba yake. Huulizwa na shangazi, dada mkubwa wa baba. Shangazi huketi mbele yake pamoja na wanawake wawili wa kushuhudia, hulitaja jina la mwanamume mara tatu, kisha hungoja. Msichana hana haja ya kufungua mdomo. Akinyamaza, amekubali, na vigelegele vinapigwa. Mama yangu alinyamaza hivyo, na bibi yangu kabla yake. Kujibu ndiyo kwa sauti ni kukosa haya. Kujibu hapana, basi, mimi sikuwahi kumsikia aliyejibu hapana.

Shangazi yangu Mounira aliolewa Kabambare. Miguu yake imevimba na safari ya pikipiki haiwezi tena, ndiyo maana nilimfuata mimi badala ya yeye kunifuata. Swali lingeulizwa Ijumaa baada ya swala. Mwanamume mwenyewe aliitwa Ibrahim, mfanyabiashara wa Salamabila anayewauzia wachimbaji sepeto, buti na tochi. Ni mpole, anaswali, hapandishi sauti. Ukimtafutia kosa utachoka. Nilikuwa nimekusudia kunyamaza, si kwa kumpenda, ila kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa na la kusema.

La pili lilikuwa filamu ya Gédéon.

Kila mtu Kasongo anakijua Kiti cha Mkwe. Ni mchezo wa kuchekesha alioutunga marehemu Mwalimu Dominique kabla mimi sijazaliwa, na kila Jumatatu ya Pasaka huchezwa katika ukumbi wa parokia. Wakristo hukaa mbele, sisi Waislamu tunajaa upande wa milango, na hakuna anayetaka kuukosa. Baba mmoja mwenye binti mzuri ana kiti kibovu cha kuwakaribishia wachumba. Mchumba wa kwanza, mwenye majivuno, anaketi na kuanguka. Wa pili, mwenye maneno mengi, anaketi kwa hadhari na kuanguka vibaya zaidi. Wa tatu hakigusi kile kiti. Anabaki amesimama, anampa baba mgongo, na kumuuliza binti mwenyewe, "Nikae ao nirudi?" Anauliza mara tatu. Binti ananyamaza. Pazia linafungwa, na ukumbi mzima unavunjika mbavu. Watu wameyakariri maneno yote, na mchezaji akisahau, ukumbi unamkumbusha.

Gédéon ndiye aliyeamua kuugeuza mchezo huo uwe filamu ya nyimbo. Alikuja kwa baba yangu, Mzee Lukumani, mwezi wa nne, amevaa shati la mikono mirefu, akaomba sauti yangu, maana mimi ndiye ninayeongoza kaswida kwenye maulidi na mji wote unanijua kwa hilo. Baba alifikiri siku tatu. Akasema sauti sawa, sura hapana. Basi kazi ikaenda hivyo: mimi nikaimba nyimbo za binti, na Darlène, mtoto wa seremala, akacheza mbele ya kamera akifungua mdomo juu ya sauti yangu. Nilikuwa nikikaa nyuma ya spika nikijisikia natoka kinywani mwa mtu mwingine. Watu waliniuliza kama hainiumi. Haikuniuma. Hakuna kilichokuwa kinaniuma wakati ule.

Sasa niseme alichokuwa Gédéon kwangu, ili tusizungushane. Miaka minne kabla ya filamu hiyo alikuwa fundi wa vipaza sauti, wa harusi za Wakristo na za kwetu, na tulipendana kwa namna watu wanavyopendana wakiwa katikati ya nyaya na wageni, kwa kutazamana. Yeye ni wa mashambani, kabila lake Mzimba, dini yake Mkatoliki. Mjomba wake alikuwa akisema Waislamu wa mjini wangewadharau. Baba yangu hakuwa akisema kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku anaondoka kwenda kujifunza kazi ya picha, nilisingizia biashara ya samaki nikamsindikiza hadi Nyangwe, mahali mitumbwi inapoondokea. Aliniomba nimngoje. Nilikubali. Akapanda mtumbwi, na kwa miaka minne sikupata hata salamu. Niliwakataa wachumba wawili kwa ajili yake kabla posa zao hazijapokewa, nikimwambia mama bado sijawa tayari. Mwaka wa kwanza nililia, wa pili nikakasirika, wa tatu nikakonda. Wa nne niliamka siku moja nikakuta hakuna kinachouma tena, wala kinachofurahisha. Aliporudi na kamera yake akanisalimia kama anavyosalimiwa dada wa rafiki, niliitikia, nikaendelea kupepeta mchele.

Sitamsema vibaya kazini. Nyimbo sita tulizirekodi Kasongo bila yeye kunigusa hata kidole. Ulibaki wimbo wa mwisho, wa yule binti anayenyamaza. Darlène alimwambia Gédéon kwamba filamu ya nyimbo haiwezi kuisha kwa mtu kukaa kimya, watu watadhani umeme umekatika, naye akaona ni kweli. Maneno yalimsumbua mwezi mzima. Kikundi kilikuwa kimehamia Kabambare, kwenye ua wa mjomba wake wenye baraza pana waliyoitaka kwa onyesho la posa, na mimi nilipopata safari ya kwa shangazi ikaonekana niimbe hukohuko.

Ijumaa asubuhi nilikwenda. Mjomba wake alinipa kiti kizima, akanipa mgongo. Chumba cha kurekodia kilikuwa ghala la mihogo ambalo kuta zake walizifunika magodoro ili mwangwi usiingie. Mlango uliachwa wazi kwa heshima yangu, na Darlène aliketi kizingitini akitafuna hindi la kuchoma. Gédéon alinipa karatasi. Macho yake yalikaa usoni mwangu zaidi ya muda ambao karatasi inahitaji kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Zamani ningeinama nikatafuta pa kuweka mikono. Safari hii nilisoma tu.

Wimbo ulikuwa mzuri. Binti anamwambia yule mchumba wa tatu arudi kwao: njia ni nyeupe, jua bado liko juu, rudi usiitazame baraza yetu. Niliuimba mara moja. Gédéon akatikisa kichwa. Nikaimba mara ya pili na ya tatu, kila noti mahali pake, na mara ya nne akazima mashine.

"Sauti iko," akasema. "Lakini weye hauko mule."

Nilimwambia huenda ni wimbo wenyewe. Nilisema bila nia yoyote, nikipangusa jasho, kwamba maneno hayafai kwa sababu binti hakumfukuza yule mtu. Alimkubali.

Darlène akacheka, mdomo umejaa mahindi. "Alimukubali wapi, Feza? Kila Pasaka tunamuona. Anamukatalia muchana kweupe."

"Hakumukatalia. Alinyamaza."

"Ndiyo. Alinyamaza."

Tulitazamana, mimi na Darlène, kila mmoja akimngoja mwenzake atambue ujinga wake. Mimi nilimweleza kwamba kwetu, upande wa milango, tunacheka kwa sababu baba amehangaika na kiti kibovu mchezo mzima na binti amejioza mwenyewe bila kutoa sauti. Yeye akanieleza kwamba kule mbele wanacheka kwa sababu yule wa tatu, mjanja kuliko wote, ndiye anayeanguka vibaya zaidi, tena bila kiti. Miaka yote hiyo tumekaa ukumbi mmoja, tukacheka dakika moja, na kila upande ulikuwa umetazama mchezo wake. Darlène aliona ni jambo la kuchekesha mno. Alitaka kutoka mbio akawaambie wenzake uani.

Gédéon hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mihogo na mikono imelala mapajani.

"Darlène," akasema, "kwetu mwanamuke anaulizwa namna gani?"

Darlène alishangaa kuulizwa lisilo na fumbo. Akasema kila mtu anajua. Siku ya mahari ukoo wote unakaa, mbuzi wanafungwa pale, na mzee anamuuliza msichana mbele ya watu kama hiyo mali waile ama wasiile. Anaulizwa mara tatu, na mara zote tatu anajibu kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie.

"Na akinyamaza?"

"Wanafungua mbuzi wao, wanarudia kwao. Weye hujui? Akinyamaza ni kusema hapana, lakini kwa heshima."

Alitutazama, kwanza yeye, kisha mimi, akaacha kutafuna. Darlène si mjinga. Aliinuka kizingitini akaenda kukaa barazani, mahali ambapo angetuona lakini asingetusikia.

Gédéon alisema polepole, akitazama chini. "Kule Nyangwe nilikuuliza mara tatu."

Nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri kuliko yeye. Aliniuliza kama nitamngoja, nikainamisha macho. Akauliza tena, nikazidi kuyainamisha. Alipouliza mara ya tatu mwili wote ulinisisimka, kwa sababu nilidhani anajua desturi yetu, kwamba ameiuliza kwa makusudi na kwa idadi yake ili mimi na yeye tuwe tumefungana hata kama wazee hawapo. Nilinyamaza kwa nguvu zangu zote. Sijawahi kumkubali mtu hivyo, wala sitarajii. Yeye akangoja, akachukua mfuko wake, akapanda mtumbwi bila kugeuka nyuma.

"Nilikukubali," nikamwambia. "Mara tatu zote."

"Miye nilisikia umenikatalia. Mara tatu zote." Akapitisha mkono usoni. "Nikasema mutoto wa watu amenikatalia kwa heshima, nisimusumbue tena. Ndiyo maana sikuandika. Nilijikataza. Namba ya telefone yako niliifuta, nikaikumbuka, nikaifuta tena."

Nilingoja kitu kinipasuke ndani. Hakikuja. Nilikaa pale katikati ya magodoro nikiwa nimejulishwa kwamba sikuachwa, kwamba hakuna mwanamke mwingine, kwamba miaka minne ya maisha yangu imekwenda na maji ya mto Lualaba kwa sababu ya adabu, adabu yangu na adabu yake, na nilichokiona zaidi ni kwamba godoro moja lilikuwa na doa. Nililitazama lile doa muda mrefu.

Aliniambia mama yake, Anastasie, alimtafutia wasichana wawili Kasongo naye akawakwepa. Aliniambia wazo la filamu alilipata kutokana na ule mwisho, kwa yule binti asiyejibu, kwa sababu lilikuwa likimrudia kila alipojaribu kulala. Alisema mengi. Mimi nilisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Mwishoni akaniuliza.

"Na leo, Feza? Bado unanitaka?"

Sikujibu.

"Feza, leo kunyamaza yako sijue tena kuisoma."

"Hata miye sijue." Hilo ndilo lililokuwa kweli, nikampa. "Sisikie kitu, Gédéon. Hasira haiko. Furaha haiko. Niko kama mutu amelalia mukono wake, anauona lakini si wake. Na leo saa nane shangazi ananiuliza juu ya Ibrahim."

Hakuwa anajua. Uso wake ulibadilika, nikaona alivyoumia, na nikamwonea wivu kwa kuumia. Hakuniomba kitu. Aliinuka akaanza kukunja waya wa kipaza sauti, akikosea, akiufungua, akiukunja upya. Nikaaga, nikapita uani mbele ya Darlène, ambaye hakuthubutu kuniuliza.

Saa nane nilikuwa nimeoga na kuketi mkekani kwa shangazi, kichwa kimefunikwa mtandio. Shangazi Mounira alikuwa amejitia udi na kuvaa kitenge kipya. Mashahidi walikuwa majirani zake wawili, wote watu wazima, wenye furaha ya watu wanaojua pilau iko jikoni. Baba alikuwa akingoja Kasongo kando ya simu yake. Shangazi alinishika mikono yote miwili.

"Feza binti Lukumani, mutoto wangu, Ibrahim amekuposa. Unasikia?"

Nilisikia. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno, na hilo ndilo lililoanza kunishtua. Sikuwa na haja ya kuamua wala kuwa na moyo. Ningekaa tu kama nilivyokaa mwaka mzima, na kukaa kwangu kungeitwa jibu, na watu wangelifurahia.

Akalitaja jina mara ya pili. Jirani mmoja akavuta pumzi ya kigelegele, akaihifadhi. Nilifikiri, nikinyamaza sasa, ni kunyamaza kwa nani? Kule Nyangwe nilinyamaza nikiwa nimejaa, hapa nanyamaza nikiwa mtupu, na hakuna mtu duniani atakayejua tofauti. Ibrahim naye hatajua. Ataoa mwanamke ambaye hakuwepo mkekani, maskini, na hakunikosea chochote.

"Feza binti Lukumani, Ibrahim amekuposa. Unasikia?"

"Hapana," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, ile ya maulidi. Shangazi alinitazama, akatazama mashahidi. Alikuwa ameuliza wasichana wa ukoo wetu kwa miaka thelathini na hakuna hata mmoja aliyempa neno. Nilimwona anatafuta kinachofuata na hakipati.

"Husikii?" akauliza kwa upole.

"Nasikia, shangazi. Simutaki. Ni mutu muzuri, na simutaki."

Aliachia mikono yangu. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alisema kwa huzuni kwamba jambo hilo si lake tena, akabonyeza simu, akamwambia baba maneno machache, akanipa. Nilisimama dirishani, mahali mtandao unaposhika. Nilisikia baba akikohoa.

"Mounira anasema umeongea."

"Ndiyo, baba."

"Wazee wamekwisha kupokea posa. Unajua nitawaambia nini?"

"Sijue, baba."

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Ni juu ya yule wa kamera?"

Ningeweza kusema hapana na mambo yangekuwa mepesi. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilimwambia kwamba Ibrahim nimemkataa kwa ajili yangu mwenyewe, na kwamba huyo mwingine, akiniuliza, nitamjibu kwa sauti, na baba atakuwa wa kwanza kujua nilichojibu. Nikamwambia sitafanya kitu kwa kujificha, na dini yangu siibadilishi.

"Utarudi kesho," akasema baba. "Utakaa mbele yangu, uyarudie hayo maneno ukiniangalia kwa macho." Simu ikakatika.

Nilimrudishia shangazi simu yake na ndipo nikaona nilivyokuwa nimeibana, hadi vidole vinauma. Ilikuwa hofu, hofu tupu ya baba yangu, ya aibu, ya jioni ile ambayo Kasongo nzima ingekuwa imepata habari. Nilikaa chini nikaishika hofu hiyo kwa mikono miwili, maana ilikuwa kitu changu cha kwanza baada ya muda mrefu. Nyuma yake vikaja vingine bila mpango. Nikalia kwa ajili ya miaka minne. Nikamkasirikia Gédéon kwa kutogeuka nyuma mtumbwini. Shangazi akanipigapiga mgongoni bila kujua namlilia nani na kwa nini.

Kisha nikanawa uso, nikajifunga mtandio upya, nikatoka. Jua lilikuwa bado kali na barabara ilikuwa na watu wanaotoka sokoni, wakaniona ninavyokwenda haraka na ninakoelekea. Uani kwa mjomba walikuwa wameshafungasha nusu ya vyombo. Mjomba mwenyewe alikuwa barazani. Gédéon alisimama aliponiona, akanitazama macho yaliyovimba.

"Nimemwambia shangazi hapana," nikasema. "Weye niulize tena."

Alitazama huku na huku, kwa mjomba wake, kwa Darlène, kwa watu wa barabarani waliopunguza mwendo.

"Nikienda Kasongo kumuona baba yako, naye akinifukuza, nikirudi tena, naye akinifukuza tena," akasema, "utaningoja?"

"Ndiyo," nikasema, na kabla hajauliza mara ya pili nikasema tena ndiyo, na ya tatu, kwa sauti ya kufika hadi nyuma.